Juu ya nini jina la mzee halionekani chini ya ukurasa?

Wandugu wasomaji, nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwa siku ya kutetea kazi za mwisho wa masomo, zile tunazoita TFC, kwenye shule moja kubwa ya mkoa wetu. Sitaitaja, maana jambo hili lingeweza kutokea kwenye shule yoyote, na limekwisha kutokea katika nyingi. Nilikuwa mmoja wa wasomaji watatu nyuma ya meza. Kijana alikuwa na koti jipya na tai, mama yake amekaa mstari wa kwanza na chupa za Fanta ndani ya kikapu. Kazi yake ilihusu bwami ya Walega, na zaidi vile vitu vidogo ambavyo wakubwa wa bwami huvionyesha huku wakisema methali. Kurasa 18 za katikati zilipita zingine zote kwa uzuri. Kila kitu kilikuwa na methali yake, na kila methali ilikuwa na maana yake ikisemwa mbele ya watu wanaogombana, na maana nyingine ikisemwa mbele ya kijana anayeingia daraja la kwanza.

Nikamwuliza: "Hizi kurasa 18, umezitoa wapi?"

Akajibu bila wasiwasi: "Ni uchunguzi wetu wa uwanjani, bwana mwalimu."

Nikatazama chini ya kurasa zile. Hakuna noti hata moja. Lakini kurasa za mwanzo, pale alipoeleza mipaka ya teritware ya Mwenga na mito yake, zilikuwa na noti 31. Delhaise mara 9. Biebuyck mara 12. Mito ambayo mtu yeyote wa Kamituga anaijua tangu utoto ilikuwa na shahidi wa Ulaya. Methali ambazo mtu hazipati bila kukaa miaka na wakubwa hazikuwa na shahidi kabisa.

Tukampa alama 15 juu ya 20. Watu wakapiga makofi. Nyuma ya chumba kulikuwa mzee mmoja amesimama, kofia mkononi, hakupata kiti. Nilipotoka nje alinifuata kwa heshima sana, akaniambia: "Mwalimu, mimi ndiye nilimfundisha ule mutoto. Siku sita, kwangu nyumbani. Leo nimesikia maneno yangu yote. Jina langu tu ndilo sikulisikia. Ao ilisomwa kwa Kifaransa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia jina lake liko ndani ya kitabu. Nilisema uongo, na mzee akanishukuru.

Basi nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: kazi nyingi tunazoziita za elimu juu ya mila zetu zimejengwa juu ya wizi wa heshima. Si wizi wa pesa. Wazee hawakudai pesa, mara nyingi wao ndio waliompikia mwanafunzi. Ni wizi wa jina. Tunafundishwa kwamba kunukuu vizuri ni kuandika jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, mji, mwaka na ukurasa. Tunafundishwa "ibid." na "op. cit." kama vile ni sala. Profesa anaweza kurudisha kazi nzima kwa sababu koma haikuwekwa baada ya mwaka. Profesa huyohuyo anasoma "kadiri ya wazee tuliowakuta" na anageuza ukurasa. Wazee gani? Wangapi? Wa kijiji gani? Siku gani? Wamesema kwa lugha gani, na nani alitafsiri?

Nisieleweke vibaya. Sisemi tutupe vitabu vya wageni. Kitabu cha Kamanda Delhaise juu ya Walega kilitoka Bruxelles mwaka 1909, na yumo mengi ambayo leo hayaonekani tena. Kusoma ni lazima. Lakini ujue unasoma nini. Delhaise alikuwa afisa wa jeshi la utawala. Kitabu chake kimo katika ule mkusanyo wa Cyrille Van Overbergh, ambao uliandikwa kwa kufuata orodha ya maswali iliyotayarishwa Ubelgiji: nyumba zao namna gani, chakula chao, ndoa zao, mazishi yao. Ni mkusanyo huo huo uliotoa mwaka 1913 kitabu cha Padri Colle juu ya Baluba. Sasa jiulize: Delhaise alizaliwa Urega? Alikuwa mtu wa bwami? Kila neno la ndani aliloandika, aliambiwa na mtu. Mtu huyo alikuwa na jina, mke, ukoo na shamba. Leo ukiandika "Delhaise, 1909" unafikiri umefika kwenye chanzo. Umefika tu kwa mtu wa kati aliyemficha mwenye maneno. Mwaka 1909 hatukuwa na kalamu mkononi, tunaweza kusema tulionewa. Leo kalamu tunayo, na tunamficha wenyewe.

Na si wageni wote walifanya hivyo. Hapo ndipo aibu yetu inazidi. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, huko Walikale, Daniel Biebuyck alimkuta Candi Rureke, shekarisi, ndiyo kusema mwimbaji wa zile hadithi ndefu za mashujaa. Rureke alisimulia na kuimba na kucheza habari za Mwindo kwa muda wa siku 12, watu wakiandika. Kitabu kikatoka mwaka 1969 kule California, kimetiwa sahihi na Biebuyck pamoja na Mnyanga Kahombo Mateene. Ndani yake Rureke anatajwa kwa jina na anaelezwa ni mtu gani. Wageni wamefanya sehemu yao pale. Sasa fungua kazi za wanafunzi wetu juu ya Mwindo. Utakuta "Biebuyck (1969) anasimulia kwamba Mwindo alizaliwa akitembea". Biebuyck anasimulia! Biebuyck alikuwa anasikiliza. Rureke amepotea njiani kati ya California na hapa kwetu, na mara nyingi hata Mateene amepotea pamoja naye, mtoto wa nchi hiyo. Nani aliwafuta? Si Mzungu. Ni sisi, kwa kivivu cha kunakili noti fupi.

Jan Vansina naye, ambaye kitabu chake cha 1961 juu ya mapokeo ya mdomo kinatajwa katika kila TFC ya historia, aliandika baadaye habari za Mkuba mmoja, Mbop Louis, aliyemfungua macho mwaka 1953 kwamba na wao wanajua yaliyopita ijapokuwa hawakuyaweka kwenye karatasi. Profesa wa vyuo vikubwa anamtaja mwanakijiji kwa jina kama mwalimu wake. Tunamnukuu Vansina kurasa na kurasa juu ya umuhimu wa kujua shahidi ni nani na aliyapata wapi maneno yake. Halafu sura inayofuata tunaandika "wazee wanasema". Ni kama mtu anayehubiri juu ya usafi akiwa na matope mikononi.

Angalieni pia Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji ule historia ya Élisabethville kama waliokuwa maboi wa Wazungu walivyoijua. Johannes Fabian alipoitoa kitabuni mwaka 1990, jina la Yav aliliweka juu ya jalada. Msomi angeweza kusema "hati moja iliyopatikana Katanga". Hakusema hivyo, na kwa sababu hiyo leo tunamjua Yav.

Sasa nasikia wanaonipinga. Nimewasikia mara nyingi, kwenye vikao na hata ndani ya shirika letu hili.

Wa kwanza wanasema: methali haina mwenyewe. Ni ya kabila zima, utamtaja nani? Neno hilo lina ukweli nusu. Ndiyo, methali ni ya wote, kama maji ya Ruzizi. Lakini maelezo ya methali yana mwenyewe. Walega wenyewe wanajua kwamba methali moja inabadilika maana kufuatana na kitu kilichoonyeshwa, na daraja, na shida iliyowakutanisha watu. Yule mzee wa nyuma ya chumba hakumpa kijana methali tupu. Methali tupu hata mimi ninazo. Alimpa kazi ya akili yake: hii inasemwa wakati gani, kwa nani, na kwa nini haisemwi mbele ya fulani. Hiyo ndiyo tunayoiita ufafanuzi tunapoikuta kwa profesa, na tunaiwekea noti. Juu ya nini ikitoka kwa mzee iwe "mila" isiyokuwa na baba?

Wa pili wanasema: mzee si chanzo cha kisayansi, anaweza kukosea, anaweza kudanganya, anaweza kuvutia upande wa ukoo wake. Kweli kabisa. Na ndiyo sababu ya kumtaja! Kitabu tunakitaja si kwa sababu hakikosei, ni ili msomaji akifuate na kukipima. Ukiniambia ni mzee wa ukoo fulani aliyesema kwamba ukoo wake ndio ulifika wa kwanza kwenye kilima kile, ninajua namna ya kusikiliza. Ukiniambia "wazee wote wanakubaliana", umenifunga macho. Tena kwa nchi yetu, ambako maneno ya nani alifika wa kwanza yamekwisha kumwaga damu, "wazee wote wanakubaliana" si uvivu tu. Ni hatari.

Wa tatu wana neno zito zaidi, nami ninalipokea: kuna wazee wasiotaka kutajwa. Bwami ilikatazwa na utawala wa Wabeleji mwaka 1948. Wako watu waliokua wakijua kwamba kusema ni kukamatwa. Na mambo mengine ya bwami hayasemwi kwa asiyeingia. Na tangu vita ya 1996, jina la mtu pamoja na jina la kijiji chake juu ya karatasi linaweza kumletea wageni wa usiku. Basi mzee akikataa, heshimu. Lakini andika kwamba amekataa. Andika: "mzee mwanaume, wa daraja hili, aliyezungumza nasi mwezi huu, ameomba jina lake lisiandikwe." Hapo umemheshimu, na msomaji anajua kuna mtu. Shida ni kwamba wanafunzi wetu hawamwulizi. Mzee hakukataa, hakuulizwa. Wenye kusema "tunawalinda" waonyeshe kwanza siku waliyowauliza.

Nifungue mlango mwingine kidogo, kwa sababu ugonjwa ni ule ule. Tunanukuu hata vitabu ambavyo hatujavifungua. Nilifuata siku moja noti ya Delhaise, ukurasa fulani, juu ya mahari. Ilikuwa ndani ya TFC ya juzi. Nikaikuta vile vile katika TFC iliyotangulia, na nyingine ya nyuma yake, na ya nne, zote ukurasa ule ule. Nilipopata nakala ya kitabu chenyewe, kwenye ukurasa ule hakuna mahari. Yako mambo ya uwindaji. Mtu mmoja alikosea tarakimu zamani, na wenzake watatu wakarithi kosa kama shamba la babu. Kuna namna ya uaminifu ya kufanya jambo hilo: unaandika "Delhaise, amenukuliwa na fulani", basi. Si aibu. Maktaba zetu ni maskini, kila mtu anajua. Aibu ni kujifanya umekishika kitabu.

Na ule mfano wa mzee anayekufa na maktaba inayoungua? Sijaona utangulizi wa TFC ya mila usiokuwa nao. Chini yake kumeandikwa: methali ya Kiafrika. Si methali. Wazo hilo lilisemwa na mtu mmoja, Amadou Hampâté Bâ wa Mali, huko UNESCO, Paris, mwaka 1960, akitetea wazee wasiosoma, na maneno yamebadilishwa midomoni mwa watu tangu siku ile. Tazama basi: neno la kuwatetea wazee wasisahauliwe, na mwenye kulisema tumemsahau. Nacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Siku hizi imeongezeka nyingine. Vijana wanauliza programu za akili bandia ndani ya simu, na programu inawapa kitabu chenye kichwa kizuri, mwandishi, mwaka, hata ukurasa. Kitabu hakijawahi kuandikwa duniani. Nimekwisha kupata viwili katika kazi moja. Mwanafunzi anaamini kitabu kisichokuwako kwa sababu kina sura ya noti, na hamwamini mzee aliyeko kwa sababu hana sura ya noti.

Watu watasema haya mambo ya kutaja chanzo ni ya Wazungu, tuliletewa. Sikubali. Kwenye baraza zetu, anayesimama kusema habari ya mpaka wa shamba anaanza na nani? Anaanza na baba yake, aliyemwonyesha mti, naye alionyeshwa na babu. Asipoanza hivyo, watu wanamnyamazisha: wewe uliona wapi? Kasongo, huko Maniema, Waislamu wetu wanajifunza tangu utoto kwamba neno la Mtume linakuja na mnyororo wa majina, fulani alipokea kwa fulani, na mnyororo ukikatika neno linapungua nguvu. Hiyo si noti ya chini ya ukurasa? Tofauti ni kwamba wao wanaiweka mbele, si chini.

Kwa hiyo ninaomba nini? Vitu vya kawaida tu. Ukienda kwa mzee, mwulize jina analotaka kuitwa kwenye kitabu. Andika ukoo wake, kijiji, kazi au daraja lake, umri hata wa kukadiria, tarehe na mahali mlipokaa, lugha mliyozungumza, na jina la aliyekutafsiria, maana mara nyingi ni mjukuu wa mzee, na yeye pia anafutwa. Mwulize: "Nawe, baba, ulipata kwa nani?" Swali hilo peke yake litakupa nusu ya sura. Methali iandike kwanza kwa lugha yake, halafu tafsiri. Majina ya waliokuambia yaweke pamoja na vitabu, mwisho wa kazi, si katika ule ukurasa wa shukrani kati ya Mungu na wajomba. Shukrani si chanzo. Nimeona wazee wengi wamezikwa humo: "tunamshukuru pia mzee fulani kwa maji ya kunywa." Na nakala moja ya kazi ikirudi kwa mzee, hata kama hasomi, watoto wake wanasoma.

Waongozaji wa kazi, nanyi mnaweza kufanya jambo moja bila kungoja wizara: kataeni kusaini sura yenye "wazee wanasema". Rudisheni, kama mnavyorudisha kwa sababu ya koma.

Mimi mwenyewe sina mikono safi. Kazi yangu ya lisansi ina kurasa 26 alizonipa mama yangu mkubwa juu ya nyimbo za kulia wafu, na jina lake halimo popote. Mwongozaji wangu aliniambia kutaja jamaa si sayansi. Nilitii. Yeye amefariki tangu zamani, na kazi ile imekwisha kunukuliwa na wengine. Wananinukuu mimi, mwanaume ambaye sijawahi kuimba wimbo hata mmoja wa kilio.

Na yule mzee mwenye kofia? Mtaona kwamba sijaandika jina lake hapa. Alifariki kabla sijamrudia. Mwaka uliofuata mwanafunzi mwingine alileta kazi juu ya bwami, na methali za mzee zilikuwamo, safari hii zikiwa na noti: jina la yule kijana wa koti jipya, mwaka, ukurasa. Kwa hiyo sasa ni zake. Nilikwenda kumwona mtoto wa kwanza wa mzee, nikamweleza kwamba ninataka jina la baba yake liandikwe katika ile nakala ya maktaba na katika kitabu hiki chetu. Akafikiri kidogo, akasema: "Mwalimu, ile kazi ya baba haikuwa yangu peke yangu. Ngoja tuulizane na wadogo zangu, wawili wako Shabunda." Kijana wa koti, ambaye leo ni mwalimu, amekubali kuja naye siku watakapokutana. Bado tunangoja.